Picha na Jina Lake: Njia za Mawasiliano Mwakirunge na Bara ya Mombasa

1. Utangulizi

Katika taaluma ya lugha imekuwa desturi kuyatazama mawasiliano kupitia neno lisemwalo na neno liandikwalo. Njia nyingine, kama vile ngoma, kengele, nguo, nguzo za ukumbusho na picha, aghalabu huachiwa wataalamu wa sanaa au wa mila. Mgawanyo huo una faida yake, lakini unaficha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba njia hizo mara chache hufanya kazi pasipo msaada wa maneno. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kuchunguza historia ya picha za kamera katika upande wa bara wa Mombasa, hasa ule ukanda wa kaskazini ambamo Mwakirunge imo. Hoja itakayotetewa ni kwamba picha huonyesha sura lakini haiwezi kuitambulisha. Ujumbe wake hukamilika inapoandamana na jina, na yule alishikaye jina ndiye aushikaye ujumbe. Suala hili si la nadharia peke yake. Katika nchi iliyo nyuma ya Mwakirunge, ndilo lililoamua kama vitu vitakatifu vilivyoibwa kwenye miji ya watu vitarudi kwa wenyewe au vitabaki ugenini.

2. Mahali na sauti zake

Mwakirunge ni sehemu ya Kisauni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, na hivi leo ni mojawapo ya wadi saba za eneo la ubunge la Kisauni. Jina lenyewe lina umbo la yale majina ya watu na koo yaanzayo na mwa-, ambayo ni ya kawaida kwa Wamijikenda na hata kwa Wataita. Mbele yake, kuelekea bahari, ni Bamburi na Shanzu. Nyuma yake, kuelekea bara, ni nchi ya Warabai, Waribe na Wakambe, watatu miongoni mwa makabila tisa yanayoitwa kwa pamoja Mijikenda. Basi hapa ni mahali pa mpaka. Kiswahili cha mji na lugha za Kimijikenda hukutana kila siku, na pamoja nazo hukutana desturi mbili za kupashana habari.

Kabla ya kamera kufika, ukanda huu ulikuwa na njia zake nyingi za kutuma ujumbe. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, alieleza habari za mwanza, ngoma ya wazee ambayo haipigwi kwa vijiti bali husuguliwa ikatoa mngurumo. Mwanza ulikuwa ni ujumbe wa kusikiwa tu. Asiyeruhusiwa kuuona alipaswa kujificha pindi asikiapo sauti yake, na katazo hilo lilikuwa ndiyo maana yake. Kisauni yenyewe ilipata sauti nyingine baada ya Chama cha Misioni cha C.M.S. kuanzisha kijiji cha Freretown katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ya kijiji hicho ilitumika kuwaonya wakazi hatari inapokaribia. Mnara wake umebaki, na mahali hapo panaitwa Kengeleni hata leo. Sauti imenyamaza lakini jina limeendelea kuisimulia.

Ni muhimu kwa mwanaisimu kutambua jinsi Kiswahili kilivyoipokea kamera katika jamii hii ya vyombo. Zamani neno sanamu lilitumika kwa kila mfano wa kitu, uwe wa kuchongwa au wa kuchorwa, na kamusi za zamani zinalifasiri hivyo. Baadaye neno picha lilikopwa kutoka Kiingereza, na sanamu likaelekea kubaki na maana ya kilichochongwa au kufinyangwa. Lakini kitenzi hakikukopwa. Waingereza husema kwamba picha "huchukuliwa". Waswahili wanasema picha hupigwa. Kitenzi piga ndicho kinachotumika katika kupiga ngoma, kupiga kengele, kupiga mbiu, kupiga hodi, kupiga chapa na kupiga simu. Ni kweli kwamba kitenzi hiki kina matumizi mengine mengi, kama vile kupiga deki na kupiga pasi, na haifai kukilazimisha kibebe nadharia nzima. Hata hivyo, kwa kulinganisha na matumizi haya ya upashaji habari, picha imewekwa safu moja na ngoma na mbiu. Nayo mbiu haitoshi kulia tu. Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini jambo lenyewe hujulikana anaponena mpiga mbiu.

3. Sura bila majina

Picha za kamera zilifika katika pwani hii mapema. Ufundi huo ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haikupita miaka kumi kabla ya msafara wa Mfaransa Charles Guillain, uliozunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848, kupiga picha za watu na miji. Picha hizo zilitumika kuchora vielelezo vya kitabu chake. Mwaka 1868 zilipigwa picha nyingine zilizopata kujulikana sana, zile za watumwa waliookolewa katika jahazi na manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne. Katika picha hizo huonekana watu, watoto wengi miongoni mwao, wamekaa sitahani wakiwa wamekonda. Ziliwafikia wasomaji wa Uingereza na kuchochea huruma yao wakati ambapo biashara ya utumwa ilikuwa ikijadiliwa huko. Miaka mitano baadaye, mwaka 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa.

Picha za Daphne zilifanya kazi njema, wala haifai kuzidharau. Lakini maelezo yaliyoandamana nazo yalitaja meli, tarehe na hali ya waliookolewa. Majina ya watu wenyewe hayakutajwa. Walionekana na ulimwengu mzima kama ushahidi wa uovu waliotendewa, ila hakuna aliyeweza kuitazama picha akasema huyu ni fulani, mwana wa fulani, wa nchi fulani. Mjukuu akiiona leo hawezi kumjua babu yake.

Tabia hiyo iliendelea katika biashara ya kadi za posta. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19, wapiga picha wa asili ya Goa, kama A.C. Gomes wa Unguja na ndugu wa jamaa ya Coutinho waliofanya kazi Unguja na Mombasa, walitoa picha nyingi zilizonunuliwa na wasafiri. Ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ulileta wageni na wanunuzi wengi zaidi. Mpiga picha W.D. Young alijulikana hasa kwa picha zake za ujenzi huo. Chini ya kadi za namna hii paliandikwa, kwa lugha za kigeni, maneno ya kutaja aina: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, vijana wa kabila fulani.

Maandishi hayo mafupi yastahili kuangaliwa kama maandishi mengine yoyote. Mwanamke aliyepigwa picha alikuwa na jina, ukoo na mtaa. Maneno ya chini yaliondoa vyote hivyo na badala yake yakaweka nomino ya jumla. Mtu alifanywa mfano wa kundi. Picha yenyewe haikusema uongo wowote; sura ilikuwa sura yake, na nguo zilikuwa nguo zake, isipokuwa pengine alizovishwa kwa ajili ya kamera. Upotofu ulitokea katika maneno. Kwa hiyo mtu akitaka kujua picha ya zamani inasema nini, haitoshi kuitazama. Lazima aulize ni nani aliyeandika chini yake, kwa lugha gani, na kwa ajili ya msomaji gani.

4. Kanga: mfano wa kienyeji

Wakati uleule ambapo kadi za posta zilikuwa zikiondoa majina, palikuwa na chombo kingine katika pwani hiihii kilichounganisha picha na maneno kwa utaratibu tofauti kabisa. Chombo hicho ni kanga. Mombasa ilikuwa, na ingali, mojawapo ya vituo vikuu vya biashara ya kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo alama yake ni "Mali ya Abdulla", lilianzishwa mjini humo mwaka 1887.

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na maandishi yaliyo chini ya mji. Maandishi hayo hapo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi. La kuangaliwa hapa ni kwamba maandishi hayo huitwa jina. Wanawake huuliza, "Kanga hii jina lake nani?" au "Yasemaje?" Mchoro wa korosho au wa ua unaweza kuwa uleule katika kanga mbili, lakini zikiwa na majina tofauti, hizo ni kanga mbili zenye ujumbe mbalimbali. Tena ujumbe hauishii katika maandishi. Mvaaji huchagua lini aivae, mbele ya nani, na mpewaji huangalia ni nani aliyempa. Mke mwenza, jirani au mkwe huelewa alichoambiwa bila ya mtu kufungua kinywa, na mvaaji akishutumiwa anaweza kujitetea kwamba yeye amevaa nguo tu.

Basi desturi ya pwani ilikwisha kujua, kabla ya elimu yoyote ya alama kufundishwa katika vyuo vikuu, kwamba mchoro hauna budi kupewa jina, na kwamba mamlaka ya ujumbe yako kwa yule anayelichagua jina hilo. Tofauti kati ya kanga na kadi ya posta ni hiyo. Katika kanga mwanamke ndiye asemaye. Katika kadi ya posta mwanamke ndiye asemwaye.

5. Chumba cha picha, kivuko na kitambulisho

Badiliko kubwa lilitokea pale watu wa pwani wenyewe walipoanza kulipia picha zao. Katika miaka ya 1940 N.V. Parekh alifungua chumba chake cha picha mjini Mombasa, na kwa miongo kadhaa watu wa jamii nyingi walikwenda kwake wakiwa wamevaa nguo walizozipenda wenyewe. Mteja alichagua jinsi ya kukaa, nani asimame kando yake, na kitu gani akishike mkononi. Si kila mtu aliyeikubali kamera. Miongoni mwa Waislamu palikuwa na mjadala wa muda mrefu juu ya uhalali wa kufanya mfano wa kiumbe, na heshima ya wanawake ilizifanya jamaa nyingi kuwa na hadhari juu ya nani aruhusiwe kuiona picha ya binti au mke. Hadhari hiyo nayo ni sehemu ya mawasiliano. Picha iliyofichwa sandukuni na kuonyeshwa watu wachache ilikuwa na hadhira yake, kama vile mwanza ulivyokuwa na yake.

Picha hizo zilifanya kazi ya barua. Nyuma ya picha mtu aliandika jina lake, tarehe, na neno la ukumbusho kwa ampelekeaye. Kazi hii ilionekana wazi zaidi Likoni, upande wa kusini wa kisiwa, ambako katika miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda karibu na kivuko. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend amevieleza vibanda hivyo kwa kirefu. Ndani yake palikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege, majumba marefu na wanyama. Wateja wengi walikuwa wafanyakazi waliotoka sehemu za bara kuja kutafuta kazi mwambao. Waliopigwa picha mbele ya ndege iliyochorwa hawakukusudia kumdanganya mtu. Walikuwa wakipeleka nyumbani salamu na tumaini. Jamaa aliyeipokea alilijua jina la aliyemo pichani, akajua pia kuitofautisha habari na matumaini.

Wakati huohuo serikali nayo ilikuwa ikiunganisha sura na jina kwa haja zake. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika achukue kipande chenye jina lake na alama za vidole vyake, ambacho wengi walikitundika shingoni ndani ya kikebe. Kitambulisho cha baadaye kikaongeza picha, na kuanzia mwaka 1978 wanawake nao wakaingizwa katika uandikishaji. Kitambulisho kina jina kamili na sura kamili, lakini mwenye kuamua ujumbe wake ni ofisi iliyokitoa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba picha iandikwe jina. Lazima pia iulizwe jina hilo liko mikononi mwa nani.

6. Kigango na picha ya mwaka 1985

Historia hii yote hukutana katika tukio moja lililotokea katika nchi ya Wagiriama sehemu za Kaloleni, kaskazini ya Mwakirunge. Ili kulielewa tukio hilo, yafaa kwanza kieleweke kigango ni kitu gani.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa, aghalabu ndefu kama kimo cha mtu au zaidi, yenye kichwa cha mviringo au kilichochongwa mfano wa kichwa, na kiwiliwili kilichotiwa nakshi za pembetatu. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Mara nyingi marehemu humjia mtu wa jamaa yake katika ndoto, au jamaa hupatwa na misiba, ndipo huelewa kwamba koma anadai asimamishiwe kigango. Nguzo hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo, na watu husema nayo. Ikisha kusimamishwa haipaswi kuondolewa.

Kwa upande wa mawasiliano, kigango ni kinyume cha picha ya kamera. Picha ina sura lakini haina jina. Kigango kina jina lakini hakina sura, kwa maana nakshi zake hazikukusudiwa zifanane na uso wa marehemu. Jina lenyewe halikuandikwa popote katika mti. Limo katika vinywa vya watu wa mji huo, na hutamkwa kila wanapokwenda kumwomba marehemu. Kigango kikiondolewa hapo kikapelekwa mbali, kinabaki mti wenye nakshi nzuri.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Tangu miaka ya 1970 vigango vilipata wanunuzi katika biashara ya sanaa, na mamia yake yaliibwa au kuuzwa, vikaishia katika makumbusho na nyumba za watu, hasa Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu baadaye vigango hivyo vikaibwa, na mzee akamwomba mtafiti huyo amsaidie kuvitafuta. Ilipita miaka kumi na minne. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Philadelphia, Udvardy alitazama picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenziwe Linda Giles, akakitambua kimojawapo. Kilikuwa katika mkusanyiko wa makumbusho ya chuo kikuu cha Illinois State. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Cha Illinois kilirudishwa Kenya mwaka 2006, na mwaka 2007 kikafikishwa kwa jamaa yake. Cha Hampton nacho kilirudishwa.

Yafaa kuuliza ni kitu gani hasa kilichotoa ushahidi. Mtu anaweza kujibu upesi kwamba ni picha, na jibu hilo lina ukweli, kwa kuwa picha ilithibitisha kwamba mti ulioko Marekani ni uleule uliokuwa umesimama katika mji wa mzee. Lakini wauzaji wa sanaa nao walikuwa na picha. Orodha zao zilijaa picha nzuri za vigango, na picha hizo zilisaidia kuviuza. Kilichoitofautisha picha ya mwaka 1985 ni kwamba iliandamana na maelezo ya mtafiti na kauli ya mzee: huyu ni fulani, hawa ni ndugu zake, mahali ni hapa, mwaka ni huu. Sura iliyokosa jina na jina lililokosa sura viliwekwa pamoja, na aliyesimama katikati alikuwa mwenye jina mwenyewe.

Hali ya vigango vingine inalithibitisha jambo hili. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver ya elimu ya viumbe na sayansi yalitangaza kwamba yangerudisha vigango 30, na mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha vigango 37. Nia ilikuwa njema, lakini vingi vya namna hiyo viliingia katika makumbusho bila ya jina la mji wala la marehemu. Vimerudi Kenya, na hiyo ni haki. Kurudi nyumbani ni shida nyingine, kwa sababu wanaoweza kuvitaja majina ni wachache, na wazee hao hupungua mwaka hata mwaka.

7. Hitimisho

Mwakirunge ya leo inajulikana zaidi kwa jaa kubwa la taka za mji wa Mombasa, na sura za watu waokotao vitu katika jaa hilo zimetokea magazetini. Maneno yaandamanayo na picha za namna hii hutaja aghalabu kazi ya mtu na taabu yake, kama kadi za posta za miaka mia moja iliyopita zilivyotaja kabila na mzigo. Inawezekana kwamba mtu amekataa jina lake litajwe, na hiyo ni haki yake, kama ilivyo haki ya jamaa kuificha picha sandukuni. Lakini kukataa kutaja jina ni kitu kimoja, na kutoulizwa jina ni kitu kingine. Huyohuyo mwokotaji ana simu, na jioni hupeleka picha yake kwa jamaa na maneno aliyoyachagua mwenyewe.

Kwa wataalamu wa lugha kuna kazi inayodai haraka. Katika masanduku ya nyumba za Kisauni, Likoni na Changamwe, na katika nyaraka za misioni na za makumbusho, zimo picha nyingi ambazo majina ya waliomo yanajulikana na wazee wachache waliobaki. Picha yenyewe inaweza kudumu miaka mia ikitunzwa vizuri. Kinachoitambulisha ni usemi, na usemi huo hufa na msemaji. Kukusanya majina hayo, kwa lugha na kwa matamshi ya wenyewe, pamoja na habari za jamaa na mahali, ni kazi ya isimu sawa na kukusanya msamiati au hadithi. Jamaa ya mzee wa Kaloleni ilirudishiwa vigango vya nduguze kwa sababu mwaka 1985 mtu mmoja, baada ya kupiga picha, aliuliza majina na kuyaandika.